Mtafiti wa Chuo Akikuuliza Unavyotumia Simu: Ni Nani, Anataka Nini, na Utajilindaje

Umetoka kwa ajenti pale Kangemi na unahesabu pesa ulizotoa. Kijana mwenye kadi ya chuo shingoni anakukaribia. "Habari mum. Niko na maswali machache tu, kuhusu vile unatumia simu kutuma pesa. Tunaweza kuongea?"

Watu hujibu kwa njia mbili. Kuna anayekataa hapo hapo na kushika mkoba vizuri, kwa sababu matapeli wameshamfunza. Na kuna anayefungua roho, anatoa simu na kuonyesha kila kitu, mpaka salio. Njia zote mbili zina hasara. Ukikataa kila mtu, huduma zitaendelea kutengenezewa mtu mwingine ambaye si wewe. Ukikubali kila mtu, siku moja utamkubali mwizi.

Leo tunakueleza kundi la utafiti la chuo kikuu ni nini, linaendeshwaje hapa Nairobi, na kwa nini maswali yake yanagusa pesa zako. Halafu tutakupa orodha fupi ya kumtambua mtafiti wa kweli.

Hawa ni akina nani?

Kuna fani inayoitwa uhusiano wa binadamu na kompyuta. Jina ni refu, lakini swali lake ni moja: mtu akishika mashine, anaielewa? Na asipoielewa, kosa liko kwa nani, kwake au kwa aliyeitengeneza?

Wanaofanya kazi hii karibu kila mara hujibu kwamba kosa ni la aliyetengeneza. Ukikosea menyu mara tatu, wao hawasemi hujui kusoma. Wanaandika kwenye daftari: "Hapa menyu imemchanganya mteja."

Kazi hiyo inahitaji watu wa aina tatu wakae meza moja. Kuna wa kuchora na kubuni, kuna wa kuandika programu, na kuna wa kusikiliza watu na kuelewa maisha yao. Mmoja akikosa, kazi inalemaa. Programu itafanya kazi lakini haieleweki, au itapendeza macho lakini haimsaidii mtu aliye na simu ya kubonyeza na salio la shilingi 40.

Hapa Nairobi, kuwaleta watu hao pamoja si rahisi hata ndani ya chuo kimoja. Chukua Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichopata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 1970. Wanaosomea ubunifu wamekuwa jengo la ADD, kampasi kuu, katikati ya jiji. Wanaosomea kompyuta wako Chiromo, ukipita Museum Hill kuelekea Westlands. Umbali ni kama kilomita 2, lakini bajeti ni tofauti, ratiba ni tofauti, na wakubwa ni tofauti. Anayeendesha kundi la utafiti wa aina hii, nusu ya kazi yake ni kuwafanya watu wa pande mbili za Museum Hill wakutane kila wiki.

Chiromo ndiko iliko C4DLab, maabara iliyoanza mwaka 2013 kufanya utafiti, kutengeneza mifano ya kujaribiwa na kulea kampuni changa. Mwanzilishi wake ni Tonny Omwansa, mhadhiri ambaye mwaka uliotangulia, 2012, alikuwa ametoa kitabu kuhusu historia ya M-PESA pamoja na Nicholas Sullivan. Baadaye alienda kuongoza KeNIA, shirika la serikali la ubunifu. Mhadhiri aliyechunguza pesa za simu ndiye aliyefungua mahali ambapo wanafunzi wanajifunza kutengeneza vitu vya kutumiwa na watu wa kawaida. Haikuwa bahati tu. Pesa za simu zilionyesha wasomi wa hapa kwamba mambo makubwa yanaweza kuanza kwa kumwangalia mteja akitumia simu.

Pesa za simu zilianza kwa kukosea

Wengi hawajui kwamba M-PESA haikupangwa iwe ya kutuma pesa nyumbani. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, yakiwa na maajenti 8 na wateja wasiofika 500. Lengo lilikuwa watu waliokopa Faulu Kenya waweze kulipa mkopo kwa simu badala ya kubeba noti.

Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliosimamia kazi hiyo, walieleza baadaye walichokiona. Wateja walilipa mikopo, ndiyo. Lakini pia walilipana wao kwa wao kwa biashara. Wengine waliweka pesa upande mmoja wa safari na kuzitoa wakifika, wasitembee na noti mfukoni. Wengine walizitunza kwenye simu usiku kucha kwa sababu benki ilikuwa imefungwa. Wengine walinunua salio la kupiga simu na kumtumia ndugu aliye mashambani, na hilo likawa kama msaada wa nyumbani.

Hakuna aliyewafundisha hayo. Waliyaanzisha wenyewe. Huduma ilipozinduliwa kwa nchi nzima tarehe 6 Machi 2007, ilinadiwa kwa jambo lile watu walikuwa wameshaanza kulifanya: kutuma pesa nyumbani. Kama wale wateja wasingeangaliwa kwa makini, pengine leo tungekuwa na njia nzuri ya kulipa mkopo na basi.

Hiyo ilikuwa kazi ya kampuni. Chuo kikuu huleta kitu kingine: muda, na uhuru wa kuuliza maswali ambayo hayauzi chochote. Muda mfupi baada ya uzinduzi, Olga Morawczynski, mwanafunzi wa uzamifu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alifanya utafiti Kibera na Bukura, kule Magharibi, ili aone pesa zinatoka wapi na zinafika wapi. Katika ripoti aliyoandika pamoja na Mark Pickens mwaka 2009, kuna jambo ambalo hesabu za kampuni haziwezi kuonyesha: wanaume waliokuwa mjini walianza kwenda nyumbani mara chache zaidi. Zamani pesa zilihitaji mtu wa kuzibeba, na aliyebeba alikuwa mume. Pesa zilipopata njia yake, mume alibaki mjini, na kuna wake waliolalamika.

Kwenye kompyuta za kampuni, muamala huo umeandikwa "umekamilika". Kwa mke aliye Bukura kuna swali lingine kabisa, na linahitaji mtu wa kukaa naye chini na kusikiliza.

Watano wa Chiromo si watano wa Kangemi

Jakob Nielsen, mtaalamu wa fani hii kutoka Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba ukimjaribu mtu mmoja mmoja mpaka wafike 5, utakuwa umeona takriban asilimia 85 ya matatizo ya kitu unachotengeneza. Makundi mengi duniani hupenda kanuni hiyo kwa sababu haigharimu sana. Lakini Nielsen mwenyewe aliongeza kwamba kama watumiaji wako ni wa aina tofauti tofauti, lazima ujaribu watu wa kila aina.

Hapo ndipo kundi la Nairobi hupimwa. Kupata watu watano Chiromo ni kazi ya dakika kumi: toka nje ya darasa, ita wanafunzi watano, wape soda. Wote wana simu janja, wote wanasoma Kiingereza, wote wana umri wa karibu miaka 20. Wataelewa menyu yako haraka sana, na wewe utaandika ripoti kwamba menyu iko sawa.

Sasa panda matatu nambari 23 uende Kangemi, au 46 uende Kawangware. Kaa na mama anayeuza mboga kwa kabambe ambayo vitufe vyake vimefutika. Kaa na fundi wa viatu anayeshiriki simu moja na mke wake. Kaa na mzee anayemwomba mjukuu amsomee SMS. Menyu ile ile itaanza kuonyesha mashimo.

Tuchukue mfano mdogo wa lugha. Menyu ya Kiswahili inaandika "Toa pesa". Aliyeandika alimaanisha pesa zitoke kwenye simu ziwe noti mkononi. Lakini kwa Kiswahili, kutoa ni pia kumpa mtu mwingine: unatoa sadaka, unatoa mchango wa harusi, unatoa karo. Anayetaka kumtumia mwalimu karo anaweza kabisa kufungua "Toa pesa" na kushangaa akiulizwa nambari ya ajenti. Hajakosea Kiswahili. Ni menyu iliyochagua maana moja bila kumuuliza.

Au "nambari ya akaunti" unapolipa bili. Mzazi anafikiri anaulizwa akaunti yake ya benki, na yeye hana benki. Kumbe shule inataka nambari ya mtoto. Pesa zinaenda, jina la mtoto halionekani, na mzazi anapoteza siku nzima ofisini kwa bursa.

Kundi zuri haliulizi tu, "Je, umependa?" Mkenya mwenye adabu atasema amependa ili asiwavunje moyo vijana wa watu. Badala yake wanakupa kazi ya kufanya, kwa mfano "tuma shilingi 200 kwa nambari hii", kwa simu yao na pesa za kujifanya. Wanakuomba useme kwa sauti unachowaza. Halafu wananyamaza. Pale unaposita, pale unaporudi nyuma, pale unaposema "aii, hii nayo ni nini", ndipo kalamu yao inapoandika. Mara nyingi hawana hata programu bado: menyu imechorwa kwa karatasi, unabonyeza kwa kidole, na mwanafunzi anakubadilishia karatasi. Karatasi ni rahisi kutupa. Programu iliyoandikwa kwa miezi sita hakuna anayetaka kuitupa, hata ikiwa mbaya.

Suluhisho likileta swali jipya

Utafiti pia haumalizi kila kitu kwa jibu moja. Angalia kosa la kutuma pesa kwa nambari isiyo yake. Tarakimu moja ikikosewa, karo inaenda kwa mtu usiyemjua. Siku hizi, kabla pesa hazijatoka, unaonyeshwa jina la mpokeaji. Ukiona jina geni unasimama. Ni wazo zuri, na limeokoa pesa za wengi.

Lakini jina hilo linamwonyesha nani? Linamwonyesha yeyote aliye na nambari yako. Mwanamke aliyempa dereva wa teksi nambari ili amwelekeze njia sasa amempa na jina lake. Tapeli anayepiga simu akikuita kwa majina yako mawili anaonekana wa kweli zaidi. Kinachokulinda usikosee ndicho kinachompa mwingine habari zako.

Nani aamue kati ya hayo mawili? Kampuni itapima idadi ya malalamiko. Mhandisi atapima kasi. Kundi la utafiti linaweza kukaa na mwanamke yule, na pia na mzazi aliyepoteza karo, na kuuliza kama kuna njia ya tatu, kwa mfano kuonyesha sehemu tu ya jina. Hilo ni swali la ubunifu, na jibu lake liko kwa wanaotumia huduma kila siku.

Vivyo hivyo kwa ajenti. Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, tawi la Afrika lililoko Kigali, na wenzao walichapisha utafiti uliotokana na mahojiano 72, nusu Kenya na nusu Tanzania. Waliona kwamba wateja na maajenti wana njia zao za kukwepa ugumu wa mfumo: ajenti anakukopesha kidogo, anakuhudumia bila kitambulisho kwa sababu anakujua, au muamala unafanywa tofauti na utaratibu ili mambo yaende. Wewe unajua ukweli wa hayo. Kitambulisho umekiacha nyumbani, na ajenti ni jirani yako. Watafiti hawakuwaita wateja wahalifu. Walisema njia hizo zinaleta hatari mpya, na kwamba mfumo wenyewe unahitaji kufikiriwa upya ili usalama usipingane na urahisi.

Kundi linaendeshwaje

Juu kuna mhadhiri. Mshahara wake ni wa kufundisha, na utafiti anauongeza juu ya hapo. Chini yake kuna wanafunzi wa uzamifu, wa uzamili, na wale wa mwaka wa nne wanaomaliza mradi. Halafu kuna wasaidizi wa mtaani, ambao mara nyingi ndio muhimu kuliko wote. Wanajua ni nyumba gani ya kubisha hodi, na wanajua Kikuyu, Kiluhya au Kisomali pale Kiswahili kinapokwama.

Pesa huja kwa ruzuku, na ruzuku huwa na tarehe ya mwisho. Mradi ukimalizika, kundi linaweza kubaki na mhadhiri na kabati la fomu. Wanafunzi wanahitimu. Wazuri wanachukuliwa, na Nairobi ina wengi wa kuwachukua. iHub ilifunguliwa mwaka 2010 Ngong Road, IBM ikafungua maabara ya utafiti mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, na Microsoft ikaanzisha kituo cha kutengeneza programu jijini mwaka 2019. Hatuwalaumu. Ni vizuri wapate kazi. Lakini kila anayeondoka huondoka na kitu ambacho hakiko kwenye ripoti: mama yule alisitia wapi, na alisema nini baada ya kinasa sauti kuzimwa. Kwa hivyo kiongozi mzuri huhakikisha maelezo ya mtaani yameandikwa siku hiyo hiyo, na anayeingia anatembea na anayetoka kabla hajaondoka.

Kwa muda mrefu, mwanafunzi wa Nairobi aliyetaka kusikilizwa na wenzake wa fani hii ilibidi aombe viza. Mikutano mikubwa ilianza Marekani mwaka 1982. Mkutano wa kwanza wa Afrika nzima, AfriCHI, ulifanyika Novemba 2016, na ulifanyika hapa Nairobi. Miaka 34 ilipita katikati. Wa pili ulienda Windhoek, Namibia, mwaka 2018. Hilo linakuhusu, kwa sababu kama wanaoulizwa ni Waafrika lakini wanaoamua swali ni wa mbali, majibu yatapangwa kwa mahitaji ya huko.

Kuna pia deni ambalo makundi mengi hayalilipi: kurudi. Wakazi wa mitaa kama Kibera wamezoea kuulizwa maswali na wageni wasioonekana tena. Mtu anatoa saa nzima ya biashara, anaeleza shida zake, na hasikii tena. Akija mwingine, kwa nini ajibu? Kundi linalojiheshimu hutenga siku na pesa za kurudi mtaani kusema, "Mlituambia hivi, tumefanya hivi, na hili limetushinda." Ukimhoji mtafiti, muulize kama atarudi. Jibu lake litakuambia mengi.

Ruhusa na haki zako

Mtafiti hawezi kuamka tu na kuanza kuhoji watu. Mpango wake hupitia kamati ya maadili inayouliza nani anaweza kuumia. Halafu anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013. Ofisi za NACOSTI ziko Upper Kabete, karibu na Waiyaki Way.

Juu ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Inakupa haki ya kuambiwa data yako itatumiwaje, kuomba kuiona, kupinga isitumiwe, na kutaka yenye makosa irekebishwe. Data ya utafiti imepewa nafasi fulani na sheria, lakini kwa sharti kwamba matokeo hayatolewi kwa namna inayokutambulisha. Ukiona umedhulumiwa, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Halafu kuna jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Watafiti wengi hukupa shukrani kidogo kwa muda wako, na siku hizi wanaituma kwa simu. Wakituma, wanapata nambari yako na wanaona jina lako. Ghafla yale mahojiano "bila jina" yana jina. Kundi makini huweka orodha ya malipo mbali na majibu, na huifuta baada ya hesabu kufungwa. Kama hutaki nambari yako ijulikane, omba noti mkononi. Si aibu kuomba hivyo.

Na kiasi pia kina maadili yake. Kikiwa kikubwa mno, watu watasema lolote ili wahojiwe. Kikiwa kidogo mno, mama mboga amepoteza wateja wa saa nzima bure. Mtafiti anayejua kazi yake atakueleza mapema kiasi ni gani, na atakulipa hata ukiamua kuacha katikati.

Kabla hujajibu swali lolote, angalia haya

1. Muulize anatoka chuo gani, idara gani, na nani ni msimamizi wake. Wa kweli anajibu bila kusita na ana kadi.

2. Omba kuona leseni ya NACOSTI. Huwa na msimbo wa QR wa kuithibitisha. Kama huna simu janja, mwombe mtu unayemwamini akusaidie, au piga simu chuoni kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa yeye.

3. Lazima akueleze utafiti ni wa nini na akuombe idhini kabla ya kuanza. Kama anataka kurekodi sauti au kupiga picha, aombe hilo kando.

4. Una haki ya kuruka swali, na una haki ya kuacha wakati wowote. Akikukasirikia, huyo ondoka.

5. Majaribio yafanywe kwa simu yake na pesa za kujifanya. Usimpe simu yako mkononi. Akitaka kuona unavyotumia yako, ishike wewe, na ufunike skrini ukiandika nambari ya siri.

6. Hakuna utafiti wa chuo unaohitaji PIN yako, nambari ya uthibitisho iliyoingia kwa SMS, au ubonyeze msimbo anaokusomea.

7. Hakuna utafiti unaokutaka utume pesa kwanza ili "usajiliwe" au "ufunguliwe" malipo. Hiyo ni wizi.

8. Anayekupigia simu akisema ni mtafiti na anajua jina lako, usichukulie kujua jina kama ushahidi. Tumeeleza juu jinsi linavyopatikana.

Na ikiwa umeshatoa PIN? Usione haya na usingoje kesho. Badilisha PIN hapo hapo, kisha piga simu huduma kwa wateja ueleze kilichotokea. Kama pesa zimetoka, toa taarifa haraka ili zizuiwe kama bado zipo, halafu andikisha ripoti polisi. Hifadhi SMS zote, usifute hata moja. Kwa wizi wa pesa za simu, kila dakika inahesabika.

Baada ya kuangalia hayo na kuridhika, mjibu. Usimwambie tu kwamba huduma ni nzuri. Mwambie neno gani kwenye menyu limekuchanganya, mara gani pesa zilikwama, na ni jambo gani unalimwachia mtoto akufanyie kwa sababu simu imekushinda. Kama ajenti wako anakusaidia kwa njia isiyo kwenye utaratibu, unaweza kueleza bila kumtaja jina. Hayo ndiyo hayapatikani kwenye kompyuta zetu, maana sisi huona tu muamala umekamilika au haukukamilika.

Sisi pia tunapokea maoni kupitia huduma kwa wateja na kwa maajenti wetu. Kanuni ni ile ile kwetu kama kwa mtafiti: tuulize chochote, tuambie chochote, lakini PIN yako usimwambie mtu yeyote, hata akisema ametoka kwetu.